Mwenye Aliitika Jina ya Mbelu

Bibi yangu Mbelu, mama ya batoto bangu, alikufwa kule Lubudi kwa mama yake, na mi nikarudi Kapata, kambi ya kampuni, sawa mutu mwenye hajafiwa.

Nilikuwa na njia gani ingine? Sisi bote tuliona mambo ya Ngoy. Ngoy alikuwa jirani yetu, fundi wa mashini, mutu wa kazi. Bibi yake akafwa na kuzaa. Kilio haijaisha, kamyo, lori ya kampuni, ikafika mbele ya mulango kubeba bitanda. Juu kwa kampuni nyumba haikuwa ya mutu wa kazi. Ilikuwa ya bibi na batoto. Mwenye bibi anapewa nyumba, anapewa na posho: unga, maharagi, samaki ya chumvi, kipimo ya bibi, kipimo ya kila mutoto. Mwenye hana bibi anapewa kitanda mu bweni ya baselibatere na kipimo yake peke yake. Batoto ba Ngoy bakapandishwa train, moja huku, moja kule, mudogo sijui kwa nani. Mushahara yake haikubadilika. Kazi ileile, vumbi ileile mu kifua. Alipotea mutu moja tu, na nyumba nzima ikamufuata. Kisha tulikuwa tunamukuta Ngoy njiani anasimama karibu na nyumba yake ya zamani, anaangalia mapazia ya bengine.

Bakubwa benye baliandika ile sheria beko na bibi. Bengine beko na nyumba ingine tena, kwa bibi mungine. Tuache.

Mi nilikuwa na batoto batatu: Agnès, Valérie, na Séraphin mwenye alikuwa anajifunza kutembea. Nilisema hawa habataachana, hata nifanye nini.

Kule Lubudi, kisha kuzika, mama-mukwe alinisemesha kutoka nyuma ya mulango. Kwetu batu ba Kasai mutu haangalie mama ya bibi yake uso kwa uso, hata siku ya kilio.

"Mukwe, tukutoshe lufu kwanza," alisema.

Lufu ni kile kifo chenye kinabakia ku mwili ya mutu mwenye alifiwa. Banakuya batu ba pande mbili, banakupakaa pemba, ule udongo mweupe, na mbele ya bote unamuambia marehemu kwa jina yake: umekufwa, fungula njia, enda. Kama haukusema, haendi.

"Mama, nisamehe," nilijibu. "Nikifanya vile, habari itafika Kapata mbele yangu. Unipe Mianda alinde batoto mpaka mvua iishe. Nitamuita kwa jina ya dada yake, bakubwa babone kama bibi eko. Kisha tutafanya yote."

Alisogelea mulango.

"Na Mbelu, ule muda wote, atangojea wapi?"

Nilikuwa nafikiri: jina ni nini? Mi balinibatiza Louis. Siku moja radio ikasema katika Zaïre hakuna Louis tena, na mi nikakuwa Tshibangu tu. Mbelu alikuwa Elise. Nani alikufwa juu ya ile? Hata kichwa haikuniuma. Nilifikiri jina ni kitu ya bakubwa, banavalisha, banavula. Vile balinifundisha benyewe.

Mianda alikuwa dada mudogo ya Mbelu, na ukibaona kwa mbali hautabagawanya. Kwa karibu ilikuwa ingine. Mbelu alikuwa mutu ya kunyamaza. Mianda alikuwa anacheka mpaka jirani anakuya kuuliza. Mbelu alikuwa anasonga bukari, ule ugali wetu, na mukono ya kuume. Mianda alikuwa mutu wa kushoto, mwiko kushoto, kisu kushoto. Alilala na batoto mu chumba yabo, mi kwangu, kwa heshima.

Mustari yetu yote ya nyumba ilijua. Hakuna mwenye alitusaliti, juu kila nyumba iliogopa ile kamyo. Siku Mianda alifika na mufuko yake, mama Fidélie wa pembeni alipaaza sauti mpaka ku robine ya maji:

"Karibu Mbelu! Lubudi balikunenepesha!"

Banamuke bote bakacheka. Kuanzia pale, kila asubuhi, ku robine, ku soko, ku ukuta: Mbelu, moto iko? Mbelu, uniazime kinu. Batoto tulibaambia baseme mama. Hata bale ba mustari ingine, benye habakujua kitu, balikuwa banamuita. Mutu moja mwenye alikufwa, na Kapata nzima inamuita muchana kutwa.

Siku ya posho alisimama ku kantini na bengine. Mukalay, mwenye kugawa unga, akaita ku dirisha: "Bibi ya Tshibangu!"

"Mbelu, niko!"

Mianda akarudi na mufuko ku kichwa, akanikuta nje. Yeye alikuwa ananiita mulamu, sawa vile mutu anaita bwana ya dada yake, na mulamu ni mutu wa kuchokozwa.

"Mulamu, unaona haya? Maiti inabeba unga, na wewe muzima unaikala ku kiti!"

"Ongea polepole, wewe."

"Aa, mulamu anaogopa! Mwanaume mukubwa sawa mulango!"

Alicheka, na mi nilicheka. Ni mara ya mwisho nilisikia ile kicheko nzima.

Mvua ilipokolea, siku moja nilitoka kazi, nikamukuta jikoni anasonga bukari. Niliangalia mwiko kwa muda. Ilikuwa ku mukono ya kuume.

"Mianda, mukono imekuuma?"

Hakugeuka. Ni wakati nilisema "Mbelu" njo aligeuka.

"Unasema nini, tata Agnès?"

Haikuwa mulamu tena. Tata Agnès, baba ya Agnès, vile Mbelu alikuwa ananiita. Nikasema ni mazoea, batu banamuita vile, na yeye anazoea. Lakini kesho yake chumvi iliisha, na alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akatoa tofali ya tatu ya ukuta, akatosha kopo ya pesa. Ile kopo Mbelu alificha kabla ya kwenda Lubudi. Mi mwenyewe nilikuwa nimeitafuta, sikuiona.

Jioni ileile Agnès alinivuta koti. Yule mwanamuke alikuwa mbele yetu, anamuosha Séraphin mu beseni.

"Tata," Agnès aliniuliza kwa sauti ya chini, "mama Mianda alienda wapi?"

Kisha Numbi akafika. Numbi alikuwa mukubwa wa cité ya kampuni, mwenye kuingia mu nyumba za batu kuhakikisha kama bibi ni bibi. Alisikia bintu, sijui wapi. Alikuya jua kali, na abacost yake ya kijivu, ile koti ya bakubwa, akasimama mu kiwanja.

"Citoyen Tshibangu, balisema bibi yako alienda Lubudi na hakurudi tena."

Mbele nifungue kinywa, yule mwanamuke alitoka jikoni, akapanguza mikono.

"Nilirudi, citoyen."

Numbi alimuangalia mpaka chini. "Ulikuwa mugonjwa?"

"Kidogo. Balinilalisha."

"Na kule Lubudi iko namna gani?"

"Baridi," alisema. "Na batu banalia mingi. Kisha kila mutu anaenda kwake, unabakia wewe tu. Lakini hapa balikuwa bananiita kila siku. Ningebakia namna gani?"

Numbi alicheka, akaniambia: "Bibi yako eko na maneno, citoyen." Akapita kwa nyumba ya mama Fidélie. Nyumba ilikuwa yetu, posho ilikuwa yetu.

Mvua iliisha. Mama-mukwe akapanda train, akapitia Tenke, akafika na pemba mu kitambaa, kumurudisha mutoto yake vile tulipatana. Mi nikatoka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, juu ya ile heshima ya bukwe. Sikuona kitu. Nilisikia tu.

"Mianda," mama alisema.

Mwiko ilikuwa inazunguka mu chungu.

"Mianda, mwana wangu. Vaa bitambaa, tuende."

"Mama," ile sauti ilijibu polepole, na ilikuwa sauti ya Mbelu, yenye kuchoka, yenye upole, "Mianda tulimuacha Lubudi. Wewe mwenyewe ulitupa udongo ya kwanza."

Nilisikia kiti inaanguka. Kisha hatua za mama-mukwe, na sauti yake ikakuya karibu kabisa, upande ingine ya ukuta, juu ya kichwa yangu.

"Mukwe. Uko pale?"

"Niko, mama."

"Beko ndani bote babili. Nimemushika mukono ya kushoto, inanishika, hainiachilie. Ule ni Mianda. Simama mbele ya mustari yako, sema kwa sauti: Mbelu alikufwa, Mbelu aende. Ni wewe ulimuita, ni wewe unaweza kumuambia. Sema, mukwe. Mutoto yangu eko anazama."

Nikazunguka mpaka pembeni ya nyumba. Ilikuwa muchana. Banamuke balikuwa ku robine, na ndoo zabo, bananiangalia. Kwa mbali, ku kona ya mustari, niliona abacost ya kijivu. Numbi alikuwa anasimama na Mukalay, banaongea mambo yabo. Neno moja, angesikia. Mbele ya nyumba Valérie alikuwa anatembeza Séraphin, anamushika mikono mbili, na Agnès anahesabu hatua zake kwa kucheka.

Nikaona kamyo. Haikuwa pale, lakini niliiona. Nikaona na Ngoy ku barabara.

"Mukwe!"

Nikafungua kinywa. Robine yote ilinisikia.

"Mbelu," nilisema, "lete maji ya kunywa ya mama. Ametoka mbali."

"Naleta, tata Agnès."

Mama-mukwe hakunywa ile maji. Aliondoka na pemba yake mu kitambaa, na mama Fidélie njo alimusindikiza ku gare ya train. Tangu ile siku kule Lubudi banahesabu makaburi mbili, na moja haina mutu ndani.

Batoto bangu habakuachana. Banasoma, banakula, banakomaa mu nyumba moja. Hakuna mutu atanihukumu mi. Mwenye anataka kuhukumu aende ku biro ya bakubwa, aulize benye balisema mwanaume mwenye kufiwa hatoshe kulea batoto bake. Abaulize, kisha akuye kwangu.

Kwa kampuni mi niko mutu wa bibi. Mi najua niko mujane. Kila busiku ninalala mu chumba yangu, na mulango nafunga. Lakini muchana siwezi kufunga. Kuko saa ya jua kali, batoto beko masomo, na yeye anasonga bukari na mukono ya kuume, ananyamaza. Mara ile ya kushoto inainuka yenyewe. Inashika mwiko. Inavuta. Mikono mbili inapigania mwiko moja juu ya chungu, unga inamwangika, na mu koo yake inaanza kicheko, kidogo, sawa mutu anacheka chini ya maji.

"Mulamu," inasema.

Mi naangalia unga chini. Inapita muda kidogo, kisha mukono ya kuume inashinda.