Kopo la Kidole Kimoja

Kila asubuhi, kabla hajafungua gunia, Mama Maharage alilipiga kopo lake makofi mawili ya kitako ili vumbi la jana limwagike. Lilikuwa kopo la bati lililowahi kuwa na maziwa ya unga. Picha ya ng'ombe ilikuwa imefutika, zimebaki pembe. Ukilitazama likiwa mezani lilikuwa sawa na makopo yote ya soko lile. Kitako chake kilikuwa kimesukumwa ndani kwa unene wa kidole kimoja.

Kazi hiyo aliifanya fundi bati, kwenye kibanda chake nyuma ya wauza mkaa, kwa nyundo ya mti iliyofungwa kitambaa ili bati lisipate makovu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea kopo jipya aliuliza jambo moja tu: "Kidole kimoja au viwili?" Mama Maharage siku zote alijibu kimoja, na moyoni alijihesabu kuwa mtu mwenye huruma. Ujira wa fundi ulikuwa kopo moja la bidhaa, na hilo alikuja kulipima kwa kopo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limenyooka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Alichokibana Mama Maharage chini ya kopo, alikirudisha kidogo juu. Alijaza mpaka maharage yakafanya kilima, akamimina kwenye mfuko wa mteja, halafu akachota nusu ya kiganja na kutupia juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Alikuwa na mkono mzuri wa nyongeza, wa haraka, wa kuonekana na mtaa mzima, na wateja walivuka meza nne kumfuata yeye.

Jumanne moja Kitinda alikanyaga pindo la sketi yake ya shule akaanguka mlangoni. Alikuwa na miaka saba, mtoto wa mwisho, aliyebaki peke yake na mama. Kaka zake walishajitegemea, na baba yao alikwenda kutafuta kazi mbali, kazi ikampata moja kwa moja. Mama Maharage alimpangusa magoti, akamsimamisha kwenye mwimo wa mlango ambako alizoea kumpima kwa penseli. Utosi wa mtoto ulikuwa chini ya mstari wa mwisho. Mama akaingiza kidole kati ya utosi na mstari, kikaenea barabara.

Akapandisha pindo la sketi kwa sindano, akaenda sokoni. Jumanne iliyofuata akapima tena. Safari hii vilienea vidole viwili.

Kwenye benchi la zahanati, alikompeleka Kitinda, walikuwapo watu aliowafahamu. Mume wa yule muuza vitambaa anayevuta kitambaa kidogo anapokipima kwa rula hakuwa amepungua urefu bali upana. Alikaa kwenye upenyo ambao ungetosha fimbo. Mama mzazi wa muuza maziwa alikuwa amepauka kiasi kwamba tangazo la chanjo lililokuwa ukutani nyuma yake lilisomeka lote, pamoja na tarehe. Walisalimiana, wakasogeleana, wakasubiri namba zao.

"Unauza nini, mama?" muuguzi aliuliza.

"Maharage."

"Kwa mizani au kwa kopo?"

"Kopo."

"Vidole vingapi?"

Mama Maharage alitazama viatu vyake. "Kimoja tu."

"Basi ni kimoja kwa wiki." Muuguzi aliandika kwenye kadi. "Anakula? Anacheza?"

"Anacheza mpaka anafungiwa mlango."

"Hana ugonjwa. Ni mzima kabisa, ila anapungua."

"Kopo ni langu mimi. Kwa nini apungue yeye?"

"Ungepungua wewe ungesema ni uzee, ungeendelea na biashara." Muuguzi aligonga muhuri. "Kalinyooshe hilo kopo." Halafu akainua macho kutoka kwenye kadi. "Jioni nitapita kuchukua makopo mawili. Usinisahau kwenye nyongeza, dada yangu."

Mama Maharage alitoka pale. Alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja kabla ya Kitinda, naye hakuwa tayari kumwona mwingine akienda, hata kama anakwenda polepole na huku anacheza. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi bati.

"Kunyoosha," fundi alirudia. Ilimbidi atafute nyundo ya chuma chini ya vyuma vikuukuu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameomba kazi hiyo kwa miaka mingi. Alipiga mara tatu kutoka ndani. Kitako kikarudi mahali pake kwa mlio uliowafanya wauza mkaa wageuze shingo.

Jumanne iliyofuata Kitinda alikuwa amerudisha kidole kimoja. Mama alifumua pindo la sketi akiimba.

Sokoni mambo hayakuimbika. Kopo lililonyooka lilikula maharage mengi, na gunia ambalo zamani lilitoa makopo mia sasa lilikwama kwenye themanini na tano. Hakubakiwa na cha kuongeza. Alijaza mpaka ukingoni, akasawazisha kwa kiganja, akamimina, basi. Wateja walibaki wamefungua midomo ya mifuko yao.

"Mbona hivyo?" aliuliza mwalimu wa Kitinda, ambaye hakuwahi kununua kwa mtu mwingine. "Nyongeza iko wapi?"

"Mwalimu, hili limenyooka. Limejaa lote. Sasa hivi unapata zaidi ya zamani hata bila nyongeza."

"Kujaa ni kujaa tu. Nyongeza ndiyo roho ya mtu."

Mama Maharage akaona maneno hayatoshi. Meza iliyofuata alikaa Mama Choroko, mwanamke mcheshi wa vidole viwili, ambaye mume wake siku hizi alipanda kiti kwa ngazi. Mama Maharage aliliazima kopo lake, akalijaza choroko mpaka kilima, na mbele ya mwalimu akazimimina ndani ya kopo lake mwenyewe. Choroko zikaishia mbali na ukingo. Watu wanne waliokuwa karibu walisogea, wakachungulia, wakaona. Mama Choroko mwenyewe alichungulia, akasema ni kweli.

"Nimeona," mwalimu alisema. "Lakini yeye ananiongezea."

Akafungua mfuko wake kwa Mama Choroko. Mama Choroko akampimia, akatupia nusu ya kiganja, na kwa sababu ya urafiki akatupia nyingine.

Muuzaji wa jumla alikuwa na ghala la mabati karibu na kituo cha malori. Aliitwa Jumla, hata na mke wake. Alinunua magunia yenye vichwa, yaliyoshindiliwa mpaka yakashonewa kofia ya wavu, na aliyauza yakiwa yamekatwa shingo. Mama Maharage alimkuta amesimama mlangoni, mrefu, msafi, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati.

"Unaniambia gunia ni makopo mia," Mama Maharage alisema. "Nimepima. Ni themanini na tano."

"Kwa kopo lipi?"

"Lililonyooka."

"Hapo ndipo ulipokosea." Jumla hakuwa na hasira hata kidogo. "Mimi nauza makopo mia ya sokoni kwenu. Pima kwa kopo la sokoni, yatatimia. Vidole vyenu nimeshavipigia hesabu zamani. Wewe ukinyoosha, hicho kidole unakilipa mwenyewe."

"Mwanangu anapungua."

"Pole sana, dada. Hata mimi ninaye." Alitoa kalamu moja mfukoni. Haikuwa kalamu, alikuwa baba yake, mzee wa kanzu nyeupe, amejishikilia kwenye kidole gumba cha mwanawe.

"Shikamoo, mzee," Mama Maharage alisema.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, na sauti yake ilikuwa bado nzito. "Biashara inakwendaje?"

"Ngumu, mzee."

"Itakaa sawa. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kukata gunia."

"Ana miaka tisa anapungua," Jumla alisema, akimrudisha mfukoni kwa uangalifu, kichwa juu. "Akiisha yeye itakuwa zamu ya mama. Tumeshazungumza nyumbani." Kisha akamuuliza kama atachukua gunia au amwite anayefuata, maana foleni ilikuwa imefika barabarani. Mama Maharage alichukua gunia.

Mwezi ule Kitinda alirudisha vidole vyote alivyopoteza, akazidi mstari wa penseli kwa unywele. Alijigamba shuleni. Na mwezi ule ule maharage yalikaa mezani mpaka yakabunguliwa. Ukichota kiganja, nusu ilikuwa matundu. Mama na binti walikula yale yaliyobunguliwa asubuhi na jioni. Muuguzi alipita mara moja, akatazama mkono wa Mama Maharage ukisawazisha kopo, akasema atarudi. Hakurudi.

Msimamizi wa soko alikuja na daftari lake. Alieleza kwa upole kwamba meza isiyouza kwa mwezi mzima hupewa mtu mwingine, na kwamba tayari alikuwapo mtu mwingine, kijana mchangamfu wa vidole vitatu. Akampa mpaka Jumatatu.

Jumapili Mama Maharage alikaa kizingitini na kopo mapajani. Alifikiria unga, lakini unga nao hupimwa kwa kopo. Alifikiria vitambaa, akamkumbuka yule mume kwenye upenyo wa benchi. Alifikiria maziwa. Kitinda alikaa karibu yake akipasua punje mbovu kwa ukucha na kuwatoa wadudu mmoja mmoja.

"Mama, wakitunyang'anya meza tutakula nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi libonyeze." Alisema hivyo bila kuacha kazi yake. "Mimi nitavaa ile sketi ya zamani."

Mama Maharage alilia, akamaliza, akajifunga kanga, akaenda nyuma ya wauza mkaa. Fundi bati alilipokea kopo, akaligeuza, akazitambua alama za nyundo yake mwenyewe.

"Kidole kimoja au viwili?"

Alikuwa na mwezi mzima wa kufidia, na meza ya jirani ilikuwa ya viwili.

"Viwili," alisema.

Jumatatu nyongeza ilirudi, na wateja wakarudi nyuma yake. Mwalimu alikuja wa kwanza, akasema anafurahi kuona Mama Maharage amepata nafuu. Kitinda alivaa sketi ya zamani, baadaye nguo za mwanasesere, baadaye soksi aliyokatiwa matundu ya mikono. Shule walimruhusu kukaa juu ya dawati, kisha ndani ya kasha la chaki, kisha wakashauri abaki na mama yake. Mistari ya penseli kwenye mwimo ilishuka vidole viwili viwili mpaka ikakaribia sakafu, na hapo mama akaacha kuchora.

Siku hizi huja naye sokoni. Kumbeba si kazi. Kitinda huketi juu ya lundo la maharage akiita wateja kwa sauti yake ile ile ya zamani, na Mama Maharage akishajaza kopo na kumimina, yeye ndiye anayetoa nyongeza. Huikumbatia punje moja kwa mikono miwili, huibeba mpaka kwenye ukingo wa mfuko, huidondosha. Wateja huipenda kuliko nusu ya kiganja. Wapo wanaovuka soko lote kuifuata, na Mama Choroko amelalamika kidogo, kwa utani.

Jumanne iliyopita, wateja walipopungua, Kitinda aliomba apimwe. Mama alimshika kiunoni kwa vidole viwili, akamsimamisha ndani ya kopo. Mama Choroko alisogea na kigoda chake kuja kutazama.

Utosi wa mtoto ulijitokeza juu ya bati, na nywele zake, na paji la uso.

"Nimepita, mama?"

"Umepita ukingo," mama yake alimwambia.

Mama Choroko akakubali kwamba amepita, tena vizuri. Kitako hawakukitaja. Kisha muuguzi akafika na mfuko wake akitaka makopo mawili, na Mama Maharage akamtoa mtoto, akalipiga kopo makofi mawili, akaanza kujaza.