Aliyepika kwa Pua

Wifi yangu Mwanarehema alikuja kujitazama kwenye televisheni yangu akiwa amejifukiza udi, kana kwamba ile televisheni ingemnusa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka wa tisini na moja, siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, hapa kwetu Mtongwe. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na televisheni ya kutazamika. Nyingine zote za jirani zilionyesha chenga tupu. Kwa hiyo mtaa mzima ulihamia sebuleni kwangu. Wanaume wakakalia viti, sisi wanawake tukajipanga mkekani, na Mwanarehema peke yake akapewa kiti mbele, ubavuni mwa Bwana Faki, katibu wa kamati ya msikiti. Mume wangu Rama alikuwa akishikilia waya wa antena kwa furaha, maana aliyetazamiwa ni dada yake.

Kampuni moja ya mafuta ya kupikia ilikuwa imefanya mashindano ya mapishi katika hoteli ng'ambo ya pili, kisiwani, nayo yalirekodiwa siku ya kumi na mbili ya Ramadhani. Matokeo tulikuwa tumekwisha kuyajua. Mwanarehema alirudi na jiko la gesi la macho manne, akateremka nalo kwenye feri limebebwa na wachukuzi wawili. Pale pale kwenye feri Bwana Faki alimuuliza kwa sauti kubwa, "Na saumu yako, Bi Mwanarehema, uliwezaje kupika bila kuonja?" Watu wote wakageuka. Wifi yangu akajibu, "Nilipika kwa pua."

Basi neno hilo likaota miguu. Bwana Faki alilichukua akalitolea darasa baada ya sala ya alasiri: mwanamke wa Mtongwe aliyewashinda wapishi watano kwa harufu peke yake, na ulimi wake haukugusa kitu. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakimwita Bibi Pua, kwa heshima kabisa.

Heshima haikuwa mpya kwake. Mwanarehema ndiye aliyekuwa akishika masufuria ya mtaa, yale matatu makubwa tuliyoyanunua kwa kuchangishana. Anayeyashika masufuria ndiye mkuu wa kila shughuli, iwe harusi au hitima. Yeye ndiye husema nani akatekate vitunguu, nani akune nazi, na nani akae mbali na moto. Alikuwa ameyashika miaka tisa. Miaka yote hiyo tisa nami nilikuwa nikiyatamani. Nasema mapema, msije mkaniona mtu mwema.

Kipindi kilipoanza tulijitia mahakimu sote. Mshindani mmoja, Kafedha wa Mtopanga, alifutia kisu kwenye leso yake, mkeka mzima ukaguna. Mwanamume mmoja mwenye kofia ndefu alichungulia sufuria ya mwenzake, Bwana Faki akasema, "Huyo mwizi! Mtoeni!" Mwingine alipiga chafya karibu na mchele, tukamhukumu yeye na mamake aliyemzaa. Tulikuwa na raha kupita kiasi.

Kisha kamera ikamwendea Mwanarehema.

Alikuwa akipika kuku wa kupaka. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akalamba. Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, mpishi aliyefunga ameruhusiwa, kwa hiyo tulingoja ateme. Hakutema. Koo lilipanda likashuka, na kamera ilikuwa imekaribia hata tukaliona vizuri. Akalamba tena. Akaongeza ndimu, akalamba mara ya tatu. Halafu, wallahi, akakwanyua ncha ya bawa la kuku, akaitia kinywani, akaitafuna hata mfupa, huku akitikisa kichwa kwa kujipongeza.

Mtangazaji alisema, "Mama anaonekana amefurahia chakula chake mwenyewe!"

Sebuleni kwangu hakuna aliyecheka. Bwana Faki aligeuka polepole kwenye kiti chake.

"Bi Mwanarehema. Ile ni nini?"

"Nilisahau," alisema wifi yangu.

"Aliyekula kwa kusahau saumu yake i sawa, sikatai. Lakini mtu husahau mara moja. Wewe umesahau mara tatu, na mara ya nne umesahau na bawa!"

Rama, maskini, aliuachia waya wa antena ili amtetee dada yake, na picha ikapotea. "Katibu, alikuwa safarini. Msafiri ana ruhusa ya kula."

"Kuvuka feri ndiyo safari? Basi wachuuzi wote wa Likoni hawajafunga tangu wazaliwe!" Hapo watu wakacheka, nacho kikawa kicheko kibaya. Bwana Faki hakucheka. "Watu mia mbili nimewasimulia pua yako. Umenifanya mpumbavu ndani ya nyumba ya Mungu."

Mwanarehema akageuka akanitazama mimi.

Naomba nieleze alichokuwa akikitafuta usoni mwangu. Kila mwezi kuna siku ambazo mwanamke hafungi. Hata akitaka, haruhusiwi. Huja akazilipa baadaye. Jambo hili kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Sisi tumelelewa hivyo: siku hizo unakula kwa kujificha, na jioni unakaa kwenye futari umekausha midomo kama wenzako. Asubuhi ile ya mashindano, kabla hajavuka, Mwanarehema alipitia jikoni kwangu kwa mlango wa nyuma, kwa sababu siku zake na zangu zilikuwa zimeangukiana. Tulitia komeo tukala mihogo ya nazi na papa, kisha tukatafuna karafuu kuua harufu, tukicheka huku tumezibana midomo. Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, tukalipa pamoja, yeye siku sita na mimi saba.

Mbele ya wanaume angelisemaje hilo? Na wanawake wenzangu hawakulifikiria. Mwanarehema ana mjukuu wa darasa la pili, na mtu akishaitwa bibi watu humtoa katika hesabu hizo. Kumbe ana miaka arubaini na mitano tu. Waliolewa wadogo, yeye na bintiye pia. Aliyejua ni mimi. Ningemvuta mke wa Bwana Faki pembeni, Mwanatatu, nikamnong'oneza maneno matatu, na mambo yangekwisha kabla ya chai.

Nilisema, "Rama, shika waya, twakosa kipindi."

Mwanarehema aliondoka kabla ya kuonyeshwa akipewa zawadi.

Kesho yake kamati ilikaa ikaamua kwamba mtu asiyeaminika kwa saumu haaminiki kwa masufuria ya watu. Yapelekwe kwa Waridi wa Rama, yaani mimi. Yaliletwa kwa mkokoteni, na Mwanarehema mwenyewe aliyafuata nyuma na ule mwiko mrefu mkononi.

"Haya, wifi. Yamefika."

"Ahsante."

Akasimama. Mimi nikajifanya nahesabu vifuniko, ambavyo vilikuwa vitatu na havikuhitaji kuhesabiwa.

"Huna la kuniambia?"

"Sina."

Akaenda zake. Angenitukana ningefurahi, ningejua la kumjibu. Lakini hakunitukana, na hakumwambia mtu yeyote kwamba siku ile mimi pia nilikula. Angeweza kuniburura topeni pamoja naye. Niliona haya, sikatai. Ila furaha ilikuwa kubwa kuliko haya, na niliyasugua yale masufuria kwa mchanga hata nikajiona usoni.

Haya hiyo ilizidi siku ya matanga ya nyumba ya tatu. Mwanarehema alipeleka sahani ya kaimati, na ile sahani ikarudi imejaa vilevile, kaimati zimekauka shira. Hakuna aliyegusa hata moja. Nilimwona akipita nayo mlangoni kwangu ameifunika kwa upande wa leso, anatembea upesi. Jioni ile chakula kilinishinda.

Wiki mbili baadaye Mzee Mwinyihaji akamwoza binti yake. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yangu ya kwanza. Nyuma ya nyumba yake niliyapanga masufuria yote matatu juu ya mafiga, pilau kwa watu mia tatu, nami nimejifunga leso mbili kiunoni. Niliamrisha watu mpaka sauti ikanikauka. Mwanarehema alikuja kama mwalikwa tu. Alikaa pembeni juu ya kinu kilicholazwa, na hakuna aliyempa hata kisu. Kazi zikigawanywa, macho ya watu yalimruka.

Nilikwisha kufunika pilau na kuweka makaa juu ya vifuniko, Bwana Faki alipokuja kukagua, mikono nyuma. Alivuta pumzi juu ya sufuria kubwa.

"Mashaallah. Mpishi mwenye saumu yake, chakula chake kina baraka. Si kama wenzetu wanaofunga mbele ya watu na kutafuna mbele ya kamera."

Alisema kwa sauti ya kutaka asikiwe hadi kwenye kinu. Mwanarehema aliinamisha kichwa, akaanza kukunja pindo la leso yake, anakunja, anakunjua.

Mimi hasira zangu hazina adabu, na mara nyingi huniumbua. Siku ile zilinitoka kabla sijaziuliza zinakwenda kwa nani.

"Bwana Faki, siku ile ya kumi na mbili ya Ramadhani mimi pia nilikula."

"Ulikula nini?"

"Mihogo. Na papa. Jikoni kwangu, mchana kweupe. Na aliyenipakulia ni Mwanarehema."

Wakataji vitunguu waliacha kukata. Wanaume waliokuwa wakipasua kuni waligeuka na mashoka mikononi.

"Audhubillahi! Kwa sababu gani?" aliuliza Bwana Faki, na masikini alikuwa anauliza kweli.

Wanawake walianza kuinama mmoja mmoja, mabega yakitikisika. Mwanatatu, mkewe, aliweka ungo wake chini.

"Yakhe, una mke mmoja na mabinti wane. Hebu fikiri kidogo."

Alifikiri. Tulimwona akifikiri. Joto lilianza shingoni, likapanda mashavuni, mpaka masikio yakabadilika rangi.

"Mimi mwaka huu nimelipa siku saba," Mwanatatu akaendelea, kwa upole wa mtu aliyeingoja siku hiyo miaka mingi. "Nawe wanisifu kwa jirani ati mke wangu afunga zile Sita za sunna baada ya Idi. Ile moja ya kuzidi wadhani ilikuwa ya nini?"

Basi hapo mtaa ukafumuka. Mmoja akasema yeye tano, mwingine nane, na ajuza mmoja akapiga kelele kwamba yeye hana hata moja lakini anazikumbuka. Wanaume wa kuni wakakumbuka kwamba kuna kuni nyingine upande wa mbele wa nyumba, wakaenda zao wote kwa pamoja.

Bwana Faki alijaribu kushika kilichobaki. "Lakini alisema alipika kwa pua! Huo ni uongo!"

Mwanarehema alisimama kutoka kwenye kinu. "Ni uongo. Nimeusema mimi. Lakini uliniuliza mbele ya feri nzima, Bwana Faki, watu na mbuzi wao wasikiza. Wewe ulitaka nikujibu nini?"

Bwana Faki alivitazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada. Sikupaswa kuuliza." Lazima nimpe haki yake: alilisema mbele za watu.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kujisikia shujaa. Lakini wifi yangu alinijia hadi mbele ya moto.

"Na wewe. Wewe ulikuwa umekaa pale mkekani, nami nikakutazama. Kwa nini hukusema siku ile?"

Ningeweza kusema niliona haya mbele ya wanaume. Wote wangeniamini. Jibu lilikuwa tayari, safi, limekunjwa.

"Niliyataka masufuria," nikasema.

Mwanarehema akanitazama, na sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona msamaha.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia kwamba lile kubwa huungulia upande wa kulia."

Hapo ndipo harufu iliponifika. Nilipiga ukelele, nikarukia makaa. Yeye alikwisha kukaza leso, na sauti yake ya miaka tisa ikarudi mahali pake: "Waridi, vuta kuni za kulia! Mwanatatu, leta sinia! Msikoroge, mtaeneza harufu!" Tukakimbia sote, mimi wa kwanza, nikimtii kama mtoto wa chuo. Alichota kutoka kushoto na juu, akaacha upande ulioungua, akafunika kilichobaki kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Wageni mia tatu wakala, hakuna aliyejua. Bwana Faki nilimpakulia mwenyewe, kutoka upande wa kulia. Alikula sahani nzima bila kusema neno.

Alasiri ile Mzee Mwinyihaji alileta mkokoteni uwanjani, akauliza masufuria yapelekwe wapi. Watu wote wakaniachia mimi nijibu. Nilinyoosha mkono kuelekea nyumba ya wifi yangu, nikayapakia kwa mikono yangu moja baada ya moja. Nilipomaliza nikampa mwiko, naye akaupokea.

Yako kwake mpaka leo. Na mimi, Mungu anisamehe, bado nayataka.