Chupa ya Ukwaju ya Bi Suad

Miaka minne iliyopita, Selpher alipohamia Chaani, huku pwani, kutoka Bungoma kumfuata mumewe, jirani yake Bi Suad alimfundisha mambo mawili kabla hata hajamaliza kupanga vyombo. La kwanza, mkubwa akikuita usijibu "nini?" kama mtu anayetaka ugomvi, itika "abee". La pili, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mkate wa sinia, sahani utaiosha, utaitia chochote ulicho nacho, hata ndimu tatu, ndipo uirudishe. Na ukiirudisha hutangazi umetia nini, maana zawadi haipigiwi mbiu mlangoni.

Selpher aliyashika yote mawili kwa moyo mkunjufu. Hilo la pili ndilo lililokaribia kumponza mtoto wa watu.

Lakini tuanze na choo, maana habari yenyewe ilianzia chooni. Selpher alikuwa na dawa ya choo aliyoinunua kwa wachuuzi wa Magongo, kwenye chupa isiyo na jina wala anwani. Ilikuwa kali, ukiimwaga unatoka mbio na kurudi baada ya robo saa ukiwa umejifunga leso puani. Choo kiling'ara, hilo hakuna wa kulikana. Ila mwanawe Brandon, wa miaka mitatu, alikohoa kila Jumamosi ya usafi, na usiku wake kifua kililia kama filimbi mbovu. Alipompeleka hospitalini, daktari alimwuliza anasafishia nini nyumba, na Selpher alipoeleza, daktari akatikisa kichwa na kumwambia aachane na dawa hiyo siku ileile.

Basi ikaanza kesi ya sabuni. Kina mama wa kanisani walikuwa wakisifia sabuni moja ya maji, "asilia", iliyotengenezwa kwa mimea, isiyodhuru mtu wala mazingira. Selpher akanunua jerikeni nzima. Mbele ilikuwa na picha ya limau na majani mabichi. Rangi yake ilikuwa ya manjano, na ukifungua kifuniko ungedhani kuna mtu anakamua malimau jikoni.

Mumewe, Odhiambo, alikuwa karani katika yadi moja ya makontena pale Changamwe. Miaka tisa ya kukagua mizigo na karatasi zake ilimfanya asikiamini kitu chochote mpaka akisome mgongoni. Aliigeuza jerikeni, akakodoa macho, herufi zikamshinda kwa udogo. Akatoa simu, akapiga picha, akaikuza.

"Mama Brandon, hii kitu uliisoma?"

"Niliisoma. Imeandikwa asilia."

"Hiyo ni mbele. Huku nyuma wanasema weka mbali na watoto. Kama haina neno, wanaogopa nini?"

"Wewe kila kitu kwako ni kontena la hatari! Imetoka kwa mimea, Baba Brandon."

"Hata mhogo mchungu ni mmea. Si uupike basi, tuone."

Selpher alimwita daktari wa makontena, na jina hilo likamfurahisha mwenyewe hadi akacheka peke yake akiosha vyombo. Lakini kwa kweli wote wawili walikuwa na hofu moja. Kurudia dawa ya zamani hawakuweza, kifua cha Brandon kilikuwa kimeshasema. Sabuni ya mche na ndimu, kama alivyotaka Odhiambo, haikuyagusa yale madoa ya chumvi ya maji ya kisima. Na hiyo mpya hawakuijua. Walibishana jioni mbili. Mwishowe wakakubaliana kuijaribu Brandon akiwa nje, madirisha yakiwa wazi. Jumamosi ikapita, na usiku mtoto akalala bila hata chafya moja. Selpher alikaa kitandani akimsikiliza anavyopumua, akamshukuru Mungu.

Odhiambo akaridhia, kwa masharti mawili. Jerikeni ikae juu ya kabati. Na sabuni isihamishwe chombo, kwa sababu kule yadini mzigo ukitengana na karatasi zake ndipo watu huumia. Selpher aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mhubiri aliyepitisha muda.

Wiki iliyofuata Bi Suad akaleta juisi ya ukwaju kwenye chupa ya plastiki ya lita moja, baridi, tamu, na iliki kwa mbali. Brandon aliimaliza karibu yote. Jumamosi asubuhi chupa ilikuwa imeoshwa, imesimama mezani, na nyumbani hakukuwa na kitu cha kuitia. Sukari ilikuwa kidogo. Ndizi zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Selpher akainua macho, akaiona jerikeni juu ya kabati.

Aliona kama amepata ufunuo. Bi Suad alikuwa akiishi na binti yake Shaza na mjukuu wake Ihsan, kitoto cha miaka mitano, chenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka na maswali yasiyokwisha. Nyumba yenye mtoto, zawadi gani ingeifaa kuliko sabuni isiyoumiza kifua? Akapanda kiti, akaishusha jerikeni, akaijaza chupa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Bi Suad."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, pita ndani."

"Siketi, nimeacha maji motoni. Nimekuletea ahsante yako."

"Mashallah! Mola akuzidishie." Bi Suad alikuwa ameshatia udhu, adhuhuri imeadhiniwa. Aliipokea chupa bila kuichunguza, kwa adabu, akaiweka penye nafasi ya chupa ile siku zote, mlangoni mwa friji. Selpher alikuwa ameshageuka, hakuona.

Saa kumi hivi alisikia ukelele. Si ukelele wa mtoto aliyeanguka, huo kila mama anaujua. Huu ulikuwa wa Shaza.

Alivuka ua bila viatu. Ihsan alikuwa amesimama katikati ya jikoni, macho yamemtoka, mapovu yakimtoka mdomoni, akikohoa na kulia kwa pamoja. Sakafuni palikuwa na bilauri, na mezani ile chupa, manjano, na matone ya ubaridi ubavuni. Harufu ya limau ilikuwa imejaa chumba kizima. Selpher akaitambua chupa.

"Ni sabuni," alisema. "Bi Suad, ile ni sabuni. Ni mimi."

Shaza alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Bi Suad alikuwa ameshamshika mjukuu kisogoni, ameinua vidole viwili amtapishe, kama walivyofanya mama yake na bibi yake kwa kila mtoto aliyekunywa kisichonywewa. Na Selpher, ambaye hajawahi kumkataza mama huyo jambo lolote, alimshika mkono.

"Ngoja, mama. Nakuomba. Ngoja tusome."

Alimpigia Odhiambo kazini. Aliitika mara ya kwanza, Mungu ambariki. Hakuuliza ilikuwaje. Aliifungua ile picha, na Selpher akamsikia akisoma polepole, kwa sauti aliyoitumia kusomea karatasi za mizigo: "Ikimezwa, usimtapishe. Msukutue mdomo. Mpe maji kidogo kidogo. Mwone daktari mara moja, ukiwa na chombo au kibandiko." Kisha akaongeza yake: "Nawatumia picha sasa hivi. Chukueni tuktuk, msingoje mtu."

Bi Suad aliteremsha vidole vyake.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwembamba. Aliisoma picha kwenye simu ya Selpher kutoka juu hadi chini, akaisoma tena, kisha akauliza amekunywa kiasi gani. Mafunda mawili, Shaza akasema, la tatu alilitema. Daktari akamsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma, muda mrefu kiasi kwamba Selpher alihesabu vigae vyote vya ukuta ule.

"Sabuni ya mafuta ya nazi, asidi ya limau, manukato," alisema. "Tumbo litamsokota kidogo. Nilichokuwa nikiogopa ni povu. Mngemtapisha, lingeweza kuingia mapafuni, na hapo tungekuwa na maneno mengine. Nani aliyewazuia?"

Bi Suad alimnyooshea Selpher kidole.

"Basi mmefanya vyema. Tutakaa naye mpaka jioni." Akasita, akatazama picha tena. "Na mshukuru pia haikuwa dawa ya choo, zile zinazouzwa bila jina. Hiyo huchoma koo lote. Lakini, kina mama, asilia si kinywaji."

Selpher alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia. Alilia kwa aibu, kisha kwa shukrani, na baada ya muda hakuweza kutofautisha. Aliifikiria ile chupa ya Magongo isiyo na jina, iliyokaa kwake miaka mitatu. Alimfikiria mumewe akikodolea macho herufi ndogo huku yeye akimcheka. Mungu si Athumani.

Magharibi Ihsan aliomba bajia. Aliomba mara mbili, na mara ya pili alilia kwa kunyimwa, na kilio hicho kiliwapendeza watu wazima wote watatu kuliko wimbo wowote.

Nyumbani, Odhiambo hakusema "nilikwambia". Selpher aliyangoja maneno hayo akimpakulia ugali, akayangoja wakila, na mpaka wanaosha mikono hayakuja. Mwanamume yule alichukua kalamu ya wino mzito aliyotoka nayo kazini, akazunguka nyumba nzima akiandika kwenye kila chupa jina la kitu kilichomo, hata ya mafuta ya kupikia. Selpher alisimama mlangoni akimtazama. "Ahsante, Baba Brandon," alisema. "Kwa kusoma."

"Na wewe ndiye uliyebadilisha dawa," alisema, bila kuinua kichwa. "Mimi ningeiacha ileile ya zamani, kwa uvivu tu."

Asubuhi Selpher alikwenda kuomba radhi. Bi Suad alimkalisha, akamwambia kosa ni lao wawili: mmoja alitia bila kusema, mwingine akapokea bila kuuliza. "Na kuanzia leo, wallahi, tutatangaza. Zawadi na ipigiwe mbiu mpaka mtaa wa pili." Walicheka, wakafutana machozi. Lakini Shaza hakuwapo sebuleni. Alikuwa chumbani, na mlango ulikuwa umefungwa.

Na mlango huo ndio uliomnyima Selpher usingizi. Bi Suad alikuwa mtu mzima, moyo wake mpana. Shaza alikuwa mama kama yeye. Selpher alijiuliza: mtu angempa Brandon povu lile, je, yeye angemsamehe? Hakupata jibu la kujivunia. Siku nne zikapita. Shaza alimsalimu kwa mbali, kwa heshima, akapita. Hakuna sahani iliyovuka ua, wala chupa. Selpher alijiambia ni haki yao.

Siku ya tano, mchana, aliitwa mlangoni. Alikuwa Ihsan, peke yake, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili.

"Hodi. Mama amesema unitilie juisi."

"Mama yako amesema?"

"Eee. Amesema uniulize nataka ya nini. Nataka ya karakara."

Selpher aliyakata matunda. Aliyachuja, akatia maji yaliyochemshwa, akatia sukari yote iliyobaki, na katika kila hatua alisema kwa sauti: "Hili ni tunda. Haya ni maji. Hii ni sukari." Ihsan aliitikia kila moja kama yuko madrasa. Selpher akamimina kidogo kwenye kijiko, akaonja yeye kwanza. Kisha akamjazia kikombe.

Mtoto alikunywa mpaka mwisho bila kupumua, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakinyoosha kikombe tena.

"Kitie tena," alisema. "Bibi amesema hakirudi kitupu."

Selpher alikijaza, akamshika mkono ili isimwagike, wakatoka pamoja. Alitazama ng'ambo ya ua. Shaza alikuwa akianika nguo, amewapa mgongo, wala hakugeuka kukagua kilichomo kikombeni.