Funza Anafunza

Jana mchana niliota niko darasani, na mwalimu alikuwa funza.

Kwanza mjue nililala nikiwa na nini moyoni. Kuku wangu kumi na mmoja walikuwa wamegoma kutaga tangu mwezi uliopita. Mama Nkungu, mke wangu, alishasema Ijumaa ikifika bila yai, wote wanaingia sufuriani kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Jana ilikuwa Alhamisi, na sufuria ilikuwa imeshasuguliwa. Kuku wale nawapenda, sioni haya kusema.

Bibi shamba wetu hapa Singida, Ester Kitundu, alikuwa ameniletea ndoo ya funza wa yule inzi mweusi anayeitwa inzi askari.

"Mzee Msengi, hao dagaa wako ni mchanga mtupu," aliniambia. "Kuku wanataka protini. Wape hawa."

Nilimshukuru, nikafunika ndoo, nikaweka jiwe juu. Siku tano nzima nikawa naipita kwa mbali, nanyoosha mkono tu kusukumia mabaki ya jikoni kwenye ufa wa mfuniko. Kinyaa, jamani. Jana nikala ugali wangu, nikajilaza kwenye mkeka barazani, hatua mbili kutoka kwenye ndoo ile.

Basi, niko darasani. Kuku wangu wamekaa kwenye madawati, wamevaa sare. Monita ni Mwenyekiti, yule kishingo wangu asiye na manyoya shingoni, na bado kafunga tai. Funza kasimama ubaoni na chaki.

"Funza anafanya nini?" ananiuliza.

"Analiwa."

"Kosa. Funza anafunza. Anayefunzwa ni nani?"

"Mimi."

"Kaa chini, Msengi. Kuku anakula nini?"

"Pumba, mashudu na dagaa."

Mlango unafunguliwa. Anaingia dagaa mmoja ameshika mkoba, kila hatua anamwaga mchanga.

"Nimekuja kuaga," anasema. "Nastaafu."

"Na mchanga huu?" namuuliza.

"Mzigo wangu huo. Sijawahi kusafiri bila huo."

Mwenyekiti anampa mkono wa kwaheri, naye anaondoka zake.

Hapo darasa linageuka sufuria ya Mama Nkungu. Hakuna anayeshangaa. Maji ya vuguvugu yanatufika magotini, kuku wanapeana sabuni. Mimi peke yangu ndiye najua sufuria ile ni ya nini, na naogopa. Ukingoni wamesimama inzi askari wawili, kila mmoja amevaa buti sita.

"Humu hatoki mtu bila mtihani," anasema mmoja. "Swali ni moja. Fungua ndoo."

"Naona kinyaa, afande."

Funza ananitazama, ingawa hana macho.

"Msengi, sisi tumekula maganda yako ya viazi, ugali uliochacha na ile soksi. Ulisikia tumesema kitu?"

Niliona aibu ya kweli. Soksi ile niliitafuta siku tatu.

Naiendea ndoo. Juu yake jiwe limekaa, limekunja nne.

"Ondoka," naliambia.

"Niliwekwa hapa na Msengi. Siondoki bila barua."

Funza ananiazima chaki. Naandika kiganjani: Jiwe, tafazali ondoka. Msengi.

Jiwe linasoma taratibu, kama lina siku nzima.

"Tafadhali ina dh," linasema.

"Maji yanachemka!"

"Hata yakichemka."

Nafuta kwa mate, naandika upya. Jiwe linashuka. Funza wanatoka kwa foleni, na kila mmoja anapiga saluti kabla ya kuingia mdomoni mwa kuku. Mwalimu ni wa mwisho.

"Huogopi?" namuuliza.

"Kazi ni kazi," anasema. Anamkabidhi Mwenyekiti chaki, halafu anaingia.

Nikaamshwa na Mama Nkungu.

"Baba Nkungu, jiwe la ndoo kaondoa nani?"

Jiwe lilikuwa chini, limewekwa kwa adabu pembeni. Ndoo ilikuwa tupu. Kuku wote kumi na mmoja walikuwa wamejilaza kivulini, matumbo yamewajaa. Na mkononi mwa mke wangu kulikuwa na yai, bado lina joto.

"La Mwenyekiti hilo. Katoa sasa hivi," alisema.

Nilitaka kulia, basi tu nikajikaza. Yeye akainua ile sufuria, akaanza kuirudisha jikoni.

"Ubatizo tutapika wali na maharage," alisema.

Alipofika mlangoni akasimama. Akaligeuza yai, akalisogeza kwenye mwanga.

"Na huyu aliyeandika dh kwa chaki kwenye yai ni nani?"

Nikakunja kiganja, nikasema sijui.