Kopo Moja, Ndoo Tatu

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Mama Majaliwa. Umeleta?"

Anifa alikuwa ameleta. Alifungua pindo la kanga akatoa kopo la samaki, la mwisho kati ya mawili aliyopewa Alhamisi iliyopita, akamkabidhi mzee Hamudi pale kwenye mdomo wa kisima chake cha saruji. Upande huu wa Newala, mwenye bati amechimba kisima cha kuvunia mvua, lakini ikifika Oktoba vingi vimebaki tope tupu, na bomba la kijiji lilitoa maji mara ya mwisho siku ishirini na tatu zilizopita. Kisima cha mzee Hamudi bado kilikuwa na maji. Bei yake ilijulikana: kopo moja, ndoo tatu.

"Leo naomba unirudishie na kopo lenyewe, babu, ukishakula. Na lile la Jumatatu, kama hujalitupa."

"La nini?"

"La kliniki."

Wasiojua waelezwe. Majaliwa, mtoto wa Anifa, ana mwaka mmoja na miezi minne, na mkono wake ukizungushiwa ule utepe wa zahanati wa kupimia utapiamlo unasoma njano, hatua moja tu kabla ya nyekundu. Kuna mradi unaowapa watoto wa njano makopo mawili ya samaki kila wiki. Ili akina mama wasiyauze, sharti ni kurudisha makopo matupu. Huna tupu, hupewi jipya. Na kwa kuwa zahanati yenyewe haina maji, kuna sharti jingine, kila mama aje na ndoo moja. Huna ndoo, mtoto hapimwi. Aliyetunga sharti la kwanza na aliyetunga la pili hawajawahi kukaa meza moja, naapa.

Wiki ya kwanza bomba lilikuwa bado linatoka, na Majaliwa alikula makopo yote mawili. Aliongezeka gramu mia mbili. Alicheka, akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Kisha bomba likakauka. Baba yake yuko Tunduru kwenye vibarua tangu Juni na simu yake haipatikani. Anifa alishuka bondeni kuchota, asubuhi mpaka mchana, mtoto mgongoni, mpaka siku alipoteleza kwenye mteremko, maji yakamwagika na mtoto akachubuka uso. Baada ya hapo alibaki na kitu kimoja tu ambacho mwenye maji alikitaka. Uji haupikwi kwa mate.

Mzee Hamudi aliingiza kidole kwenye pete ya mfuniko akavuta. Samaki walikuwa wanne, wamelala ndani ya mafuta. Aliwala hapo hapo kwa muhogo wa kuchoma uliolala, bila haraka.

"Yule nesi wenu alisema kweli," alisema, akitafuna. "Magoti yangu haya, tangu nianze kuwala hawa, yametulia. Juzi nimefagia chini ya mikorosho mitano bila kukaa. Halafu hawataki meno."

"Ndiyo, babu. Wana faida sana."

Mgongoni mwa Anifa, Majaliwa alinyoosha mkono. Mzee alikuwa anamiminia mafuta juu ya kipande cha mwisho cha muhogo.

"Mjukuu anataka kopo la kuchezea," alisema akicheka, akampa Anifa. La Jumatatu alilitoa uvunguni mwa jiko, limejaa sisimizi. Macho ya mzee si mazima, huenda hakuona ule mkono ulikuwa unataka nini. Huenda aliona.

Njiani kwenda zahanati Anifa aliweka chini ndoo ya kwanza; mbili zilizobaki angezirudia jioni. Alipitisha kidole ndani ya kopo la leo, pembe kwa pembe, akakusanya mafuta yaliyobaki, akamtia mtoto mdomoni. Majaliwa alikinyonya kile kidole mpaka kikauma. Mama yake alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akarudisha jani la mkorosho juu ya maji yasimwagike, akajitwika.

Zahanati ilikuwa imejaa. Ndoo zilipangwa chini ya ukuta, zikisubiri kumiminwa kwenye pipa kila mwenye ndoo akishapimiwa mtoto. Nesi Josephina alisimama mlangoni na kopo mkononi, akifundisha kwa kuitikiza, maana ndivyo alivyofundishwa naye kwenye semina.

"Samaki wa kopo ana nini?"

"Protini!"

"Ya nini?"

"Kujenga mwili!"

"Miba?"

"Inaliwa!"

"Kwa nini?"

"Imelainika, ina madini ya mifupa!"

"Mafuta?"

"Hayamwagwi!"

"Ni ya nini?"

"Ubongo wa mtoto!"

Anifa aliyajua yote. Angeamshwa usingizini angeyasema.

Majaliwa alitundikwa kwenye mizani. Nesi alitazama, akagonga mizani kwa kucha, akatazama tena.

"Kilo saba na nusu. Wiki iliyopita saba na gramu mia saba. Mama Majaliwa, amekula?"

Anifa alitoa makopo mawili. Nesi aliyanusa, akaona mafuta bado yanang'aa ndani, akaandika.

"Amekula. Basi hapa kuna tatizo jingine. Tangu ile wiki ya kwanza, wiki tatu, makopo sita, na bado anashuka. Mwongozo unasema mtoto akila na asiongezeke wiki tatu mfululizo, anatoka kwenye orodha, anakwenda kulazwa mjini. Hili si la chakula tena."

"Sista, mwongezee wiki moja."

"Kopo la mradi siwezi kumpa mtoto ambaye halimsaidii. Kuna wenzake wanasubiri."

Anifa alifungua mdomo. Kisha alimwona Shakila kwenye benchi la nyuma. Mwezi uliopita Shakila alikiri kwamba kopo lake alilibadili kwa maji, naye mtendaji akamtaja kwenye mkutano wa kijiji kuwa mama anayeuza chakula cha mwanawe. Aliondolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo. Ukisema kweli unatoka, ukidanganya unatoka. Anifa alifunga mdomo.

Nesi alimpa karatasi ya rufaa. Nauli haikuandikwa humo, wala nani atamletea chakula huko wodini.

Alimfunga mtoto mgongoni akaenda ukutani. Aliitafuta ndoo yake kati ya ndoo za wenzake, ile yenye jani la mkorosho, akaiinua kichwani.

"Mama Majaliwa," aliita nesi. "Maji ya zahanati hayo. Unayapeleka wapi?"

Anifa aligeuka taratibu, ndoo isiyumbe.

"Haya si maji, sista. Haya ndiyo makopo ya Majaliwa."

"Ati nini?"

Anifa alitoka getini, na hakuna aliyemfuata, foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake nesi alikwisharudi kwenye somo.

"Miba?"

"Inaliwa!" waliitikia wanawake.

"Mafuta?"

Anifa alikuwa ameshafika barabarani, na mdomo wake ukajibu pamoja nao.