Halibuti Kwenye Kiti cha Wageni

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, na samaki amekalia kiti cha wageni.

Kwanza niieleze kazi yenyewe. Nafuatilia meli za kamba ndefu, zile zinazovua jodari mbali na pwani yetu. Sizioni kwa macho. Naziona kwenye skrini, kila meli nukta ya kijani. Meli ikitandaza kamba yake yenye maelfu ya ndoana, nukta hukimbia moja kwa moja. Ikimaliza hugeuka, ikarudi taratibu juu ya mstari uleule, inavuta. Nikiutazama mchoro tu najua huko wanafanya nini.

Kwenye mojawapo, Nyota Njema, yumo mdogo wangu Mbaruku. Yeye ni mwangalizi: anahakikisha kwamba wote walionaswa bila kukusudiwa, papa, kasa na wengineo, wanarudishwa majini wakiwa hai. Ndoana haivutwi, maana ikivutwa mdomo unachanika. Huzungushwa. Mbaruku alifanyia mazoezi nyumbani, kwenye kandambili za mama, mpaka zikajaa vitundu vya duara. Mama hataki kununuliwa nyingine.

Jana asubuhi nukta ya Nyota Njema ilizimika. Jioni wakala wa meli akapiga simu: imezama, poleni sana. Mkuu wangu, Bwana Shekilindi, akaniambia kwa upole kwamba meli iliyozama haifuatiliwi, na kwamba leo asubuhi niifute ile nukta. Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wameshatandika mkeka wa msiba sebuleni. Mama hakuukalia. Alikaa kwenye kigoda chake, miguu ndani ya zile kandambili. Nililala na uchungu mpaka kifuani.

Basi niko kazini. Skrini inavuja. Nachukua kitambaa nafuta maji, na nukta moja inadondoka mezani. Imekuwa ndogo kama punje ya mtama, na haina rangi.

"Shikamoo," inasema.

"Marahaba. Umezama?"

"Nimezimwa," inajibu. "Hayo ni mambo mawili."

Inatetemeka. Naitia mfukoni ipate joto.

Hapo ndipo namwona samaki kwenye kiti cha wageni. Ni bapa, mkubwa kama mlango, na macho yake yote mawili yako upande mmoja. Namjua mara moja: halibuti. Vitabu vyetu vya mafunzo viliandikwa nchi za baridi, na kila mfano ndani yake ulikuwa halibuti. Darasa zima tulifaulu mtihani bila hata mmoja wetu kuwahi kumwona. Naona haya kidogo kukutana naye ana kwa ana.

"Karibu," namwambia. "Lakini wewe si wa bahari hii."

"Nilinaswa bila kukusudiwa," anasema. "Nimekuja nirudishwe."

Mdomo wake umechanika mpaka shavuni. Kule alikonaswa walivuta.

"Tulikuwa na mtu anayejua kuzungusha," namwambia. "Wanasema amezama."

Halibuti ananitazama kwa macho yote mawili, maana hana namna nyingine ya kumtazama mtu.

"Nukta yake ilikuwa inakwendaje kabla ya kuzimika?"

"Moja kwa moja."

"Ilirudi?"

"Haikurudi."

"Basi kamba bado imo majini. Na mwenye kamba akishatandaza?"

"Hurudi kuivuta."

"Ndivyo mlivyojibu kwenye mtihani," anasema. "Nilifurahi."

Nataka kumpa chai, lakini ofisi imekwisha kuwa chini ya bahari. Mkeka wetu wa msiba umetandikwa mchangani. Jirani yetu Bi Riziki amekaa juu yake na tasbihi, na kila akisogeza punje linatoka povu.

"Pole, mwanangu," ananiambia. "Kaa."

"Bado, Bi Riziki. Niko kazini."

Juu ya vichwa vyetu kamba imenyooka mpaka macho hayafiki, ndoana zinaning'inia. Zimenasa feni ya ofisi. Zimenasa kigoda cha mama. Zimemnasa Bwana Shekilindi kwa tai yake, na hana wasiwasi wowote. Sauti inasoma sheria kutoka juu: "Jodari abaki. Asiyekusudiwa arudishwe hai." Feni inarudishwa, inashuka ikizunguka. Kigoda kinarudishwa na kutua wima. Bwana Shekilindi anarudishwa. Anaponipita ananipungia mkono.

"Usisahau kuifuta," anasema, na kuendelea kushuka.

"Na wewe je?" ananiuliza halibuti.

"Mimi ni mfanyakazi."

"Hiyo si aina ya samaki."

Nafungua mdomo kumjibu, ndoana inaingia. Hainiumi. Nanyanyuliwa. Maji yanakuwa meupe, kisha yanakwisha, na nimelala juu ya sitaha ya Nyota Njema. Meli haijazama hata kidogo. Taa zake tu ndizo zimezimwa.

Mbaruku anakuja na glavu na koleo. Amekonda. Ananipima kwa rula toka utosini hadi kisiginoni.

"Hai. Hakukusudiwa," anatangaza, ingawa hakuna anayemsikiliza.

"Mbaruku, ni mimi."

"Usisemeseme, dada, nitakuchana."

"Wanasema mmezama."

"Niliwaambia wawarudishe kasa. Wakazima kila kitu."

Anaishika ndoana kwa koleo. Haivuti. Anaizungusha, polepole, kama alivyokuwa akifanya barazani siku ambazo mama alimkaripia huku akicheka. Inatoka. Ndipo naona kwamba na yeye ana ndoana, kwenye ukosi wa shati, na kamba yake imeingia ndani ya chumba ambacho mlango wake una kufuli. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Na wewe nani atakuzungushia?"

Anafikiri, maana ni mtu wa kufuata sheria.

"Mimi hapa sikukusudiwa," anasema. "Kwa hiyo natakiwa kurudishwa. Usiifute nukta, dada."

Ananinyanyua kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na kuniachia majini.

Niliamka jogoo wanawika. Mdomo ulikuwa unawaka. Nilikwenda kwenye kioo na kuuvuta chini kwa kidole. Pembeni kulikuwa na kitundu kimoja cha duara, safi, na tone la damu lililokwisha kukauka. Hakikuchanika popote. Nilisimama pale nikilia bila sauti, kisha nikampigia Bwana Shekilindi.

"Nukta siifuti," nilimwambia.

"Mwantumu, dada yangu, najua ni mdogo wako..."

"Mchoro wake wa mwisho umenyooka. Walikuwa wanatandaza, hawajavuta. Meli iliyozama haivuti kamba. Hawa watavuta. Naomba boti ya doria ifuate mstari ule, na ndege kama ipo."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Umejuaje kama hawajazama?"

"Tuma boti, bosi," nikasema. "Ikikuta maji matupu, nitaifuta mwenyewe, na kazi nitaacha."

"Nitumie huo mstari," akasema.

Nilikwenda sebuleni. Bi Riziki na wenzake walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa mkekani. Mama alikuwa palepale kwenye kigoda. Aliinua uso akaona namna nilivyoushika mdomo.

"Umefanya nini?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamwonyesha. Mama aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu. Kisha akavua kandambili moja, akaisogeza mwangani, akapitisha kidole juu ya vile vitundu, kimoja baada ya kingine. Akarudi kwenye mdomo wangu. Akarudi kwenye kandambili.

Akaivaa tena. Akasimama.

"Bi Riziki," alisema, "naomba mnyanyuke kidogo, jamani. Nataka kuukunja huu mkeka."