Lenzi Isiyo na Taarifa

Kamera ya kwanza iliikataa lenzi palepale. Enyonam aliizungusha mara mbili, akaibembeleza kwenye mdomo wa kamera, haikuingia. Akaiweka pembeni, kati ya pasi kuukuu na blenda zilizotoka Ulaya, akaichukua kamera ya pili.

"Hiyo sasa ndiyo yenyewe, Mama Enyo," alisema Selorm, mwenye duka. "Ndogo, nyepesi, hata nailoni haijabanduliwa kwenye kioo. Inakuja na lenzi yake. Inafokasi yenyewe. Wewe kazi yako kubonyeza tu."

"Na hizi zangu?"

"Zako tunazifungia pete, zinakaa."

Alimpa pete ya chuma yenye kioo chembamba katikati. Enyonam aliifunga, akafunga na lenzi yake juu, akaelekeza mlangoni ambako vumbi la upepo wa harmatani lilikuwa limeufanya mji wa Ho wote uwe na rangi moja. Akabonyeza. Picha ilitoka na ukungu, kana kwamba ameipiga kupitia mvuke wa chungu cha ugali wa akple.

"Pete yako imeweka mtoto wa jicho," alisema.

Selorm alicheka. "Basi tumia lenzi yake. Hizo za zamani weka kabatini, wajukuu waje wazione."

Lenzi zenyewe zilikuwa tatu, za chuma na kioo, kila moja na pete ya kuzungushwa kwa vidole. Enyonam alikuwa amezitumia kupiga picha nusu ya ubatizo wa mtaa wao wa Bankoe kwa miaka ishirini na sita, na kila usiku wa mvua alizifungia kwenye kopo la mchele mkavu zisiingiwe na kuvu. Kamera yake ya zamani, ya filamu, haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwamba mwezi wa kumi, mtu wa mwisho aliyesafisha filamu mjini alifunga duka akaenda Accra kuuza simu. Roli kumi na moja zilikuwa zimelala kwenye droo, na ndani yake kulikuwa na harusi mbili na mtoto mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mama yake bado alipita kila Jumatatu kuuliza.

Aliijaribu ile lenzi ya plastiki iliyokuja na kamera. Alimpiga picha Selorm kule ndani ya duka penye giza. Kamera ilihangaika kidogo, ikainua flashi yenyewe bila kuulizwa, ikawaka. Kwenye kioo, paji la uso la Selorm liling'aa kama sufuria na macho yake yakawa mashimo mawili.

"Mbona nimetoka kama mwizi aliyekamatwa?"

"Iulize kamera. Mimi kazi yangu kubonyeza tu."

Kamera ya tatu ilikuwa nyuma kabisa ya rafu. Nzito, rangi imechubuka kwenye kona, ya kampuni ileile iliyotengeneza kamera yake ya filamu. Lenzi iliingia, ikazunguka, ikatoa mlio mdogo wa chuma alioujua tangu ujana wake. Akachungulia. Kitundu kilikuwa kidogo kuliko alichozoea, na uso wa Selorm ulikuja karibu mno. Alilazimika kurudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga friza. Alipiga picha mbili, sikio likatoka kali na jicho likatoka hafifu. Kisha akagundua kwamba akizungusha polepole, taa ndogo ya kijani huwaka chini ya fremu pale jicho linapokaa sawa. Kulikuwa na kitufe pia: akikibonyeza, kamera ilipima mwanga kupitia lenzi yake ya zamani na kuchagua kasi. Picha ya tatu ilitoka sawa. Bila flashi, giza likiwa vilevile, kope za Selorm zilionekana moja moja.

Selorm aliitazama picha. Kisha akasema, "Mimi ningechukua ile ndogo. Bei yenyewe ni moja. Hii ikiharibika, huku hakuna fundi."

"Mimi napiga picha watu, Selorm. Sipigi karatasi ya nailoni."

Alimpa pesa za friji aliyoiuza Jumamosi, akaondoka na ile nzito begani.

Alikuwa na haraka. Ofisi ya uhakiki wa wastaafu ilikuwa inafunga usajili wa wapiga picha siku hiyo saa tisa alasiri. Watatu wangechaguliwa kuwapiga picha wastaafu wa wilaya nzima, kazi ya miezi minane. Kila mwombaji alitakiwa kuleta kamera yake ya dijitali na picha moja ya mstaafu halisi, pamoja na fomu ya mstaafu huyo. Picha ikipita, mpiga picha anasajiliwa, na mstaafu naye anahesabika amehakikiwa.

Ndiyo maana Mama Ablewa alikuwa tayari amekaa kwenye kibanda cha Enyonam, amevaa blauzi yake ya kaba ya kijani, mkoba mapajani. Alikuwa mkunga mstaafu, miaka sabini na mmoja. Pensheni yake ilisimamishwa miezi mitatu iliyopita kwa sababu picha aliyopigwa na mashine ya ofisi ilitoka nyeusi. Walimkalisha mbele ya ukuta mweupe wenye jua, mashine ikaupima ukuta, ikamsahau yeye. Kompyuta ikaandika: uso hautambuliki. Alipigwa tena, ikawa hivyohivyo.

"Tangu jana nimekula gari, unga wa muhogo, na maji tu," Mama Ablewa alisema mara Enyonam alipoingia. "Usinipige nikiwa nimekunja mdomo, watasema njaa."

"Kaa hapa mlangoni, Mama. Geuza bega. Hapo."

Nyuma yake aliweka shuka jeupe kama sheria ilivyotaka, lakini mbali, nuru isimzidi nguvu. Akafungua tundu la lenzi, akazungusha pete taratibu hadi taa ya kijani ikawaka kwenye jicho la kushoto. Akasubiri. Mama Ablewa alivuta pumzi, akasahau kidogo kwamba anapigwa picha. Hapo akabonyeza.

Kila kitu kilikuwapo: kovu la nyusi, kiduara cha kijivu kuzunguka mboni, ngozi nyeusi yenye tabaka zake zote. Mama Ablewa alikishika kioo cha kamera kwa mikono miwili.

"Eh. Kumbe bado nipo."

Ofisini walifika saa nane na nusu. Afisa aliitwa Bwana Ahiable, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akaifungua picha, na kwa muda akaacha kuchezea kalamu.

"Picha nzuri," alisema.

"Asante, bwana."

Akabonyeza tena. Mstari mwekundu ukatokea. Akainama karibu na kioo. "Lenzi: hakuna. Tundu: sifuri." Akamtazama. "Picha yako haina lenzi."

"Lenzi hii hapa, bwana. Ishike. Ni ya zamani tu, haina umeme wa kuongea na kamera. Ndiyo maana haikujiandika."

"Dada, mimi siwezi kuiingiza lenzi kwenye kompyuta. Mfumo unataka taarifa zote za picha. Zikikosekana, unahesabu picha imetengenezwa."

"Imetengenezwa na nani?"

"Watu wanaleta picha za wafu hapa. Miaka mingi serikali imelipa pensheni za makaburi. Ndiyo maana ukaja mfumo."

Mama Ablewa alisogea hadi kwenye dirisha. "Mfu ndiye mimi, mwanangu. Nimekuja mwenyewe kwa miguu. Niguse."

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Bwana Ahiable hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alifuta uso kwa leso. "Mama, mimi nakuona. Nikubonyezee wapi kwamba nimekuona? Hakuna kitufe hicho."

Kijana aliyekuwa nyuma yao aliweka kamera mezani. Ilikuwa ndogo, nyepesi, nailoni bado kwenye kioo. Picha yake ilikuwa ya mzee mmoja aliyetoka na kivuli cheusi cha pua hadi kidevuni na paji lililoungua kwa flashi. Mstari wa kijani ukatokea. Taarifa zote zilikuwapo. Muhuri ukapigwa.

Fomu ya Mama Ablewa ilirudishwa na neno moja la bluu: IRUDIWE.

Walipokuwa wanashuka ngazi, Bwana Ahiable aliwafuata nje. Alimvuta Enyonam pembeni, karibu na pipa la maji.

"Ile picha," alisema kwa sauti ya chini. "Binti yangu anaolewa baada ya wiki mbili, Kpando. Hawa vijana wanatutoa kama tumepakwa mafuta ya taa. Nataka wewe. Na lenzi hizohizo. Nitakulipa vizuri, na nusu nakupa kesho."

Enyonam alimtazama. Alifikiria kibanda, kodi, mahali friji ilipokuwa ikikaa.

"Pokea fomu ya Mama kwanza."

"Nimeshakuambia, siyo mimi, ni mfumo."

"Basi na picha za harusi yako, bwana, uuombe mfumo. Picha zangu zitatoka hazina lenzi, kesho mkwe wako atasema hakuoa."

Bwana Ahiable akarudi ndani. Mlango ulifungwa. Ilikuwa saa tisa kamili.

Walitembea hadi kituo cha mafuta. Enyonam alikuwa amejitayarisha kushukuriwa. Mama Ablewa alisimama ghafla.

"Wewe una akili kweli?"

"Mama?"

"Harusi ya Kpando! Yule mtu analipa, nimewahi kumzalisha mke wake, namjua. Mimi walishanikataa. Ulipoikataa pesa yake ndipo nimekubaliwa?"

"Nilikasirika kwa ajili yako."

"Hasira yako nitaipika na nini?"

Enyonam aliihamishia kamera bega la pili. Mkanda ulikuwa umemchimba lile la kwanza. Aligeuka kuitazama ofisi. Mlinzi alikuwa tayari anafunga mnyororo getini. Machozi yalimjia, akayaacha yakachukuliwa na vumbi. Mama Ablewa alimngoja, akimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wajawazito wanaopiga kelele kabla ya wakati.

"Basi," alisema hatimaye. "Maliza. Kesho nitarudi kwenye mashine yao, sina njia nyingine. Ila nyeusi sitaki kutoka tena. Wewe ndiye unayejua mambo ya mwanga. Nifanyeje?"

Enyonam alifuta uso, akafikiri. "Ukuta wao ni mweupe, na hawatakuruhusu kusogea."

"Hawaruhusu."

"Wanakuruhusu kukaa na mkoba mapajani?"

"Mkoba hawajali. Wanaangalia shingo kwenda juu."

Walirudi kibandani. Enyonam alilitoa shuka jeupe kwenye kamba, akalikunja mara nne, akamtandikia Mama Ablewa mapajani, akalivuta mbele hadi magotini. Nuru ya alasiri ilipiga shuka, ikapanda, ikaingia chini ya kidevu, kwenye mashavu, kwenye mboni.

"Kesho nenda nalo. Wakikuuliza, sema baridi," alisema. "Usiinamishe kichwa. Hata akikuharakisha, hesabu hadi tatu kwanza. Kidevu nje kidogo."

"Hivi?"

"Nje zaidi."

"Hivi?"

"Hapo. Sasa kaa, usitikisike. Tunarudia."